Ribiti Tisa za Mkia wa Ndege ya Tano

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Ribiti anapiga magoti juu ya mfuko wa saruji uliokunjwa mara nne, chini ya bawa la ndege ambayo haijawahi kuruka. Analenga ncha ya drili katikati ya kichwa cha ribiti, pini fupi inayoshikanisha mabati, pale hasa, bila kupima. Drili inalia kidogo tu, kichwa kinachomoka, naye anahamia kingine.

Kila baada ya ribiti ishirini hivi anasimama, anashika kiuno, analitukana goti lake la kushoto kama mtu anayemtukana mkwe mvivu, kisha anainama tena.

Pembeni yake wanaume wanne wa tajiri wa vyuma chakavu wamekaa juu ya matairi, wakisubiri bati lianguke walipakie. Hawamharakishi. Walishajaribu kuzikata ndege hizi kwa mashine, mabati yakatoka yamechanika na kuungua kingo, yakauzwa kwa bei ya takataka. Ndipo mtu akamnong'oneza tajiri kwamba mjini yupo bibi anayejua kila ribiti ilipo, kwa sababu yeye ndiye aliyezipiga.

"Akaniuliza, 'Bibi, unaweza kuzitoa?'" anasimulia kwa sauti ya juu, ile sauti ya mtu asiyejisikia anavyosema. "Nikamwambia, kuzitia nilifundishwa miezi minane. Kuzitoa nilijua siku ya kwanza, maana siku ya kwanza nilizipiga zote kombo."

Wale wanaume wanacheka, ingawa utani huo wameshausikia mara nyingi. Yeye mwenyewe anacheka nao kidogo, kisha anageukia bawa.

Ana miaka sitini na tatu. Ujira wake wa siku unanunua kilo nne za mchele, na kazi yenyewe itakwisha wiki hii, kwa sababu ndege iliyo mbele yake, ya saba, ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo banda litavunjwa, na barabara ya kurukia itafukuliwa kujengwa maghala.

Jina la Mama Ribiti alipewa kazini, na ndilo alilotaka liandikwe gazetini. Alianza akiwa Dada Ribiti. Alipojifungua akawa Mama Ribiti. Sasa watu wa tajiri wanamwita Bibi Ribiti. "La kwenye cheti," anasema, "hata mimi mwenyewe nikiitwa siitiki."

Uwanja huu wa ndege ulianza kama ukanda wa udongo uliosawazishwa ili ndege ya barua iweze kutua mara moja kwa wiki. Baadaye ikamwagwa lami, likajengwa jengo la abiria lenye mabenchi ya mbao na mizani ya mizigo, na ndege zikawa zinakuja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Watu walivaa nguo za sikukuu hata kama wanakwenda kusindikiza tu.

Mizani ile bado ipo. Haina mzigo juu yake, lakini mshale umeganda kwenye kilo kumi na saba.

Kisha ukaja mpango mkubwa. Serikali iliamua kwamba miji midogo iunganishwe kwa ndege ndogo za viti kumi na viwili, na kwamba ndege hizo ziundwe hapahapa nchini, kando ya uwanja huu. Injini zingenunuliwa ng'ambo, lakini kiwiliwili, mabawa na mkia vingetengenezwa na mikono ya wenyeji. Kiwanda kilifunguliwa miaka thelathini na tisa iliyopita na kuajiri watu mia mbili na kumi na wanne.

Mama Ribiti alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na minne. "Walitupa kipande cha bati na penseli, wakasema chora mstari ulionyooka bila rula. Wanaume wengi walishindwa. Mimi nilikuwa nachora mistari kwenye vitambaa vya watu kila siku, na ukikosea unalipa kitambaa. Nikachora miwili, na wa pili nikauchora nimefumba jicho moja, kwa maringo tu."

Kupiga ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama nje na bunduki ya upepo inayogonga kichwa cha ribiti. Mwenzake anajipenyeza ndani ya bawa au mkia akiwa na kipande cha chuma kizito, anakikinga nyuma ya ribiti ili ncha yake ivimbe na kukaa bapa kama kifungo. Hawaonani, wametenganishwa na bati. Basi wa ndani anabisha kwa chuma chake. Akibisha mara moja, ribiti imekaa sawa, endelea. Mara mbili, ipige tena kidogo. Mara tatu, imeharibika, itolewe.

Mwenzake wa ndani alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Mjusi, kwa sababu hapakuwa na tundu la ndege asiloweza kuingia. Kwa mwaka mzima Mama Ribiti alimjua zaidi kwa kubisha kwake kuliko kwa sura. "Alikuwa habishi ovyo. Ribiti ikiwa nzuri sana, alikuwa anabisha mara moja halafu anaparuza chuma kidogo kwenye bati, kama mtu anayekusifu. Nikawa naisubiri ile paruza. Unajua tena."

Walioana kabla ndege ya kwanza haijakamilika. Ilipokamilika na kuruka, mji mzima ulifurika uwanjani. Mama Ribiti alikuwa na mtoto mgongoni, na anasema hakuitazama ndege bali aliwatazama watu walivyoinua videvu wote kwa pamoja. "Nilitaka kupiga kelele, zile ribiti elfu tano za tumboni ni zangu!"

Kiwanda kiliunda ndege sita kamili katika miaka kumi na miwili. Ya saba ilibaki nusu.

Wakati huo hakuna aliyevaa kinga ya masikio. Bunduki kumi zilikuwa zinanguruma banda moja kutwa nzima, na baada ya miaka michache wafanyakazi wakazoea kurudi nyumbani na mlio wa nzi ndani ya kichwa. Kila mwaka muuguzi wa kiwanda aliwapima. Unavaa visikilizio, yeye anabonyeza kitufe, ukisikia mlio unanyoosha kidole. Aliyeshindwa aliondolewa kwenye bunduki na kupelekwa kufagia, kwa nusu ya mshahara.

"Mwaka wa nane nilikuwa sisikii ile milio ya juu," anasema. "Lakini niligundua kwamba muuguzi akibonyeza, bega lake la kulia linashuka. Nikawa naangalia bega. Nilifaulu miaka minne mfululizo kwa bega la yule dada."

Anatikisa kichwa. "Nilijiona mjanja."

Miaka ishirini na saba iliyopita, asubuhi yenye mawingu, ndege ya nne ilianguka kwenye vilima dakika kumi na mbili baada ya kuondoka uwanja huu. Ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Walikufa abiria watano na rubani.

Tume ya uchunguzi ilikaa miezi mitano. Ripoti yake ilisema rubani alishuka mno akiwa ndani ya mawingu. Mabaki yalikuwa yameungua, hapakuwa na mengi ya kutazama. Mitaani watu waliongeza chumvi yao, wakasema alikuwa amelewa.

Pamoja na ripoti ile, imani ilikuwa imekwisha. Mashirika yaliyonunua ndege hizo yalizirudisha, zikaegeshwa kwenye nyasi. Mwaka wa pili kiwanda kikafungwa na watu mia mbili na kumi na wanne wakamwaga unga kwa siku moja. Kiinua mgongo cha Mama Ribiti kilitosha cherehani na mabati ya nyumba. Baadaye barabara kuu ikawekwa lami, abiria wakahamia mabasi, na uwanja ukafa polepole: kwanza ndege ya Jumatano, kisha ya Jumatatu, mwisho ile ya Jumamosi. Hoteli mbili zilizokuwa karibu na lango zikageuka bohari za mbolea.

"Tulisema ni rubani," anakumbuka. "Kila aliyekosa karo ya mtoto alimlaani rubani. Na mimi nilimlaani. Sana."

Tajiri wa vyuma alipokuja kumwita, mwanzoni mwa mwaka huu, mumewe alikataa kata kata. Mjusi sasa ni mzee wa miaka sitini na sita, mwenye kifua kibovu. Tangu kiwanda kilipofungwa amekuwa mtu wa maneno machache, anayeweza kukaa mlangoni kutwa akikunjua na kukunja mikono ya shati.

"Alisema usiende. Nikamuuliza kwa nini, akasema usiende tu. Nikadhani ni uchungu wa kuona kazi yetu ikigeuzwa masufuria. Nikamwambia, Baba, dawa zako hazinunuliwi kwa uchungu. Nikaenda."

Alianza na ndege ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu. Anasema katika mwezi ule wa kwanza alikuwa karibu na furaha. Alipofungua bati aliona vichwa vya ndani vya ribiti vimekaa safu kwa safu, bapa, sawasawa, baada ya miaka yote ile ya mvua na jua. Aliwaita wale wanaume waje waone. Hawakuelewa waone nini.

Miezi mitatu iliyopita, siku ya Jumatatu, alifika kwenye mkia wa ndege ya tano.

Mkia wa ndege una kipande kinachopanda na kushuka, ndicho kinachoinua pua ya ndege au kuishusha. Kipande hicho kimeshikwa na bawaba, na bawaba imeshikwa na ribiti. Kwenye bawaba ya kulia alitoa vichwa ishirini na tatu. Kumi na vinne vya kwanza vilitoka vizuri, vikihitaji nguvu. Vilivyofuata havikuhitaji nguvu. Vilidondoka vyenyewe mara tu drili ilipovigusa.

Alifungua bati, akaingiza tochi.

"Zilikuwa zimelala upande," anasema, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka, ingawa huenda yeye mwenyewe hajui. "Ribiti tisa. Hazikuvimba hata moja. Zimejikunja tu. Ribiti kama hiyo imesimama pale kama mtu aliyelala kwenye lindo."

Mkia wa ndege ya nne na mkia wa ndege ya tano iliundwa wiki ileile, sambamba, na watu walewale wawili.

Alikata kipande cha bati cha ukubwa wa kiganja, chenye ribiti tatu kati ya zile tisa, akakitia mfukoni mwa aproni. Alirudi nyumbani kabla ya saa ya kazi kwisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Katika nyumba ya Mama Ribiti hakuna siri. Mume na mke wote hawasikii vizuri, na mazungumzo yao ya kawaida yanafika nyumba ya nne. "Jirani akitaka kujua tunapika nini, haulizi. Anatega tu sikio," anasema. Jioni ile alijua jambo lenyewe haliwezi kupigiwa kelele. Alifunga mlango, akachukua daftari la hesabu la mjukuu na penseli, akamwekea mumewe kile kipande cha bati juu ya meza.

Karatasi waliyoandikiana bado ipo. Mwandishi wa makala haya ameiona. Mwandiko wa mke ni mkubwa na umelala kushoto. Wa mume ni mdogo, umebanwa kwenye visanduku vya hesabu.

Mke aliandika: *Mkia wa tano, bawaba ya kulia. Tisa zimelala. Ulibisha ngapi?*

Mumewe alisoma. Alisimama akaenda kunawa uso, akarudi, akakaa. Kisha akaandika neno moja: *Tatu.*

*Zote?*

*Zote tisa. Tatu, tatu. Wewe ukaendelea.*

Anasema alikuwa amekwenda nyumbani kumuuliza mumewe kwa nini alimdanganya. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, ameipanga njia nzima. Hakujiandaa kwa jibu lile. Alikaa na penseli mkononi mpaka mwanga wa dirishani ukapungua, ndipo akaandika: *Na ya nne?*

*Ya nne hivyohivyo. Wiki nzima ile ulikuwa husikii. Nilibisha mpaka mkono ukafa ganzi.*

Anakumbuka wiki hiyo. Kulikuwa na wageni wakubwa wanaokuja kupokea ndege, na kila mtu alikuwa roho juu. Ndani ya kelele zile alikuwa anasikia kishindo kimoja tu, kile cha mwisho. Kishindo kimoja maana yake endelea. Mkaguzi alipaswa kuingiza kioo kidogo chenye mpini na kutazama ndani ya mkia. "Sijui kama kioo kiliingia," anasema. "Najua muhuri uligongwa."

*Mbona hukusema?* ndilo swali lake la mwisho kwenye karatasi.

Jibu la mumewe limechukua nusu ukurasa, na sehemu moja penseli imetoboa karatasi. *Ningesema wangekuondoa kwenye bunduki. Ulikuwa na mimba ya pili. Nikasema zilizobaki zitashika. Ilipoanguka nikaogopa utafungwa. Baadaye nikaogopa utajua.*

Mama Ribiti alilala kitandani siku mbili. Hakula, hakwenda kazini. Alhamisi alijikaza akaenda kumwomba tajiri aubakize ule mkia, hata kwa kumkata ujira wake wote. Lori lilikuwa limeshaondoka Jumanne asubuhi. Tajiri, ambaye kila mtu hapa anakiri si mtu mbaya, alipiga simu kwenye kiwanda cha masufuria mbele yake.

"Akanishika bega," anasema Mama Ribiti. "Akasema, 'Bibi, ule mkia saa hizi ni sufuria.'"

Zikabaki ribiti tatu, kwenye kipande cha kiganja.

Anataka ieleweke kwamba hajui. Anarudia jambo hilo mara kadhaa, akimkazia macho mwandishi ahakikishe limeandikwa. Huenda kweli rubani alikosea. Huenda mkia wa ndege ya nne ulishika mpaka dakika ya mwisho. Ndege ya tano iliruka miaka miwili na mkia mbovu kama ule bila kumdhuru mtu. Ndege ya nne yenyewe haipo, na pacha wake sasa hayupo. "Ningejua kwamba ni mimi, ningelia nikamaliza. Ningejua si mimi, ningeshukuru nikamaliza. Hivi nilivyo, naanza upya kila asubuhi."

Mjane wa rubani hakuhama mji. Anafuga kuku wa mayai katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya vyumba viwili, na huuza trei kwa maduka ya jirani. Wanawake hawa wawili walikuwa wamepishana sokoni kwa miaka ishirini na saba bila kusalimiana.

Mama Ribiti alikwenda kwake Jumamosi, kipande kimefungwa ndani ya taulo. Mjane alikuwa mezani akipanga mayai, makubwa huku, madogo kule. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Aliposema jambo, Mama Ribiti hakulipata.

"Nikamwambia, mama, tafadhali nitazame ukisema. Sisikii, nasoma midomo."

Mjane aliinua uso. "Nimekuuliza, kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Sijui, mama. Nasema tu mkia ulikuwa mbovu, na ubovu ule niliufanya mimi."

"Nguo zake nilizitupa jalalani," alisema mjane. "Ndugu zake walikuja kuomba hata kofia, nikawaambia nendeni mkaichukue jalalani. Mwanangu nilimwambia baba yako ameua watu watano. Alikuwa na miaka sita. Nilimwambia mimi, kwa mdomo huu."

Aliweka yai aliloshika. Halikuingia kwenye tundu la trei, likapasuka mezani. Hakulifuta.

"Kwa nini hukuja siku zote hizi?"

"Nilikuwa sijui."

"Na mumeo? Naye alikuwa hajui?"

Mama Ribiti alianza kukunja taulo. Mjane alinyoosha mkono kuonyesha mlango, na neno alilosema halikuhitaji masikio.

Siku ya nne mjane alitokea mwenyewe bandani, amevaa viatu vya safari na mkoba begani. Hakusalimu. Alisimama mbele ya Mama Ribiti mahali midomo yake inapoonekana, akasema, "Kilete hicho kipande. Twende ofisini kwao."

Makao makuu ya mamlaka ya usafiri wa anga yako mbali, safari ya saa tano. Walikaa viti vya jirani basini. Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana wa heshima. Aliwaita mama zangu, akawapa maji. Akaeleza kwamba majalada ya ajali hutunzwa miaka ishirini kisha huteketezwa, na hili lilikwisha kuteketezwa.

"Na hiki?" aliuliza mjane, akisukuma taulo mezani.

Kijana alikigeuzageuza kile kipande. Hakina namba, hakina muhuri. "Mama, samahani," alisema. "Hiki ni kipande cha bati."

Kwa kuwa hawakuinuka, aliwatafutia fomu. Ilikuwa fomu ya maoni ya wateja, yenye mistari mitatu. Mjane aliijaza yote mitatu, akaendelea pembeni, akaigeuza akajaza na nyuma. Waliambiwa watajibiwa ndani ya siku thelathini. Zimepita themanini na moja.

Mwandishi alipomtembelea Mjusi nyumbani, alimkuta mlangoni, juu ya kiti cha mbao, mikono ya shati ikiwa imekunjwa nusu. Mzee alikataa kuhojiwa. Lakini mwandishi alipoaga, alimshika mkono, akakohoa kwanza mpaka kifua kikaachia.

"Andika hivi," alisema. "Yeye hakusikia. Mimi nilijua."

Mkewe alikuwa chumba cha pili, na hakusikia hilo pia. Bado wanaishi pamoja, wanakula meza moja. Hawajaandikiana tena. "Atasema nini, nami nitasema nini?" anauliza Mama Ribiti. "Alinificha ili nipate kulala. Nimelala miaka ishirini na saba. Na sasa yeye halali, mimi silali, tunasikilizana kwa kugeuka kitandani."

Kazi ikiisha wiki hii, hana nyingine inayomsubiri. Macho yake hayaoni tena uzi kwenye sindano, na cherehani aliiuza zamani. Anasema hilo halimtishi sana. Linalomtisha ni mwisho wa mwezi.

Mwana wa rubani sasa ana miaka thelathini na tatu, ni fundi wa majokofu katika mji mwingine. Aliacha jina la baba yake alipomaliza shule, akatumia la babu mzaa mama, na hajaja nyumbani kwa miaka sita. Mama yake amempigia simu na kumwambia tu kwamba kuna mtu anataka kuonana naye. Amekubali kuja mwisho wa mwezi, kwa siku moja.

Mjane angeweza kumweleza mwanawe mwenyewe. Hataki. "Uongo nilimwambia mimi," anasema. "Akinisikia mimi tena, atasema mama amezeeka. Amsikie yeye mwenyewe aliyeshika bunduki."

Mama Ribiti amekubali. "Sitaki anisamehe," anasema. "Atukane, nimestahili. Ila siku akiulizwa baba yako alikuwa nani, aseme rubani, asiangalie chini. Hilo tu likipatikana, basi."

Tatizo ni sauti. Hajisikii, na akijaribu kusema neno zito anapiga kelele kama bado yuko bandani. Anaogopa atamfokea mtoto wa watu habari ya kifo cha baba yake, mtaa mzima ukijaa mlangoni. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri anakwenda kwa mjane kufanya mazoezi. Siku ya kwanza, anasema mjane bila kutabasamu, kuku walikimbilia barabarani.

Ijumaa iliyopita mwandishi alikuwapo. Mama Ribiti amekaa juu ya kreti, mikono magotini. Mjane amekaa mbele yake kwenye kigoda, kiganja kimeinuliwa usawa wa kidevu; kikishuka, maana yake sauti imezidi.

"Mwanangu," anaanza Mama Ribiti, "mimi ndiye niliyepiga ribiti za mkia wa ndege ya baba yako."

Kiganja kinashuka. Anaanza tena. Kiganja kinashuka tena. Anajifuta shingo kwa ncha ya aproni, anaanza mara ya tatu na ya nne. Ya tano anakwama katikati, kwenye neno baba.

Mara ya sita kiganja kinabaki palepale. Mama Ribiti anafika mwisho wa sentensi, kisha anamtazama mwenzake usoni.

"Imesikika?"

"Imesikika," anasema mjane, polepole, ili midomo yake isomeke. "Sasa hiyo inayofuata."